Sumu Isiyo na Mdomo

Kitu cha kwanza alichokitambua Mwatumu ni kwamba sumu ilinuka uji. Si uji wa moto, bali ule wa mtama uliolala sufuriani mpaka ukaanza kuchacha, ambao mwenye jiko huunusa, akasita kidogo, akauongezea sukari na kuwapa watoto hivyohivyo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa Nyumba ya Baridi, mikono ameificha nyuma, anangoja woga umpate. Alikuwa amejiandaa kwa harufu ya kuungua, au ya kutu, au ya kitu kinachooza. Ikamjia harufu ya jikoni, na tumbo lake likanguruma mbele za watu.

"Huyu amekuja na njaa kwenye nyumba ya sumu," alisema Vuai, kijana mwenye kazi ya kuosha chupa. "Bibie, humu hatuonji mboga."

Mwatumu hakuwa mtu wa kujibu. Maneno yake yalifika mpaka nyuma ya meno, yakachungulia nje, yakaona watu, yakarudi. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Shuleni, alikoacha kabla hajamaliza, mwalimu alikuwa akimhesabu hayupo siku ambazo alikuwepo.

Mji wao haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likachakaa kwa kukosa wa kulitumia. Siku hazikuja kwa zamu. Jumanne iliweza kuja, ikaondoka, kisha ikarudi katikati ya Alhamisi kama mtu aliyesahau mwavuli. Watu walizoea. Walipikia siku iliyokuwepo na hawakuuliza iliyopita imekwenda wapi. Kuna waliokutana na utoto wao njiani, ukawaamkia shikamoo, wakaitikia, wakapishana.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa na uhakika: buibui wa kahawia. Waliishi nyuma ya makabati, ndani ya viatu visivyovaliwa, katikati ya nguo zilizokunjwa zikasahauliwa. Hawakuwa na ubaya na mtu. Waliuma pale tu walipobanwa, na huko kuuma hakukuwa na maumivu. Mtu alihisi kama uzi umempitia kwenye ngozi, akaendelea na shughuli zake. Ngozi ndiyo iliyokumbuka baadaye. Iligeuka nyekundu, ikawa ya zambarau, kisha katikati pakawa peusi kama jicho, na jicho lile likafumbuka.

Na aliyeumwa hasemeshwi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Watu waliamini kwamba sumu ya buibui ina masikio, na kwamba ikisikia sauti ya mtu anayempenda mgonjwa huifuata kwa ndani, ikichimba. Wapita njia waliweza kumwambia mgonjwa kunywa dawa, au sogea nifagie, kwa kuwa sauti zao hazikuwa na utamu wa kuamsha kitu. Lakini mume, mtoto, ndugu wa tumbo moja, hao walifunga midomo mpaka kidonda kifunge wake. Kwa hiyo katika mji ule, ukitaka kujua nani anakupenda, ulitazama nani amekunyamazia.

Mama yake Mwatumu aliumwa chini ya goti alipokuwa akitoa kanga ya zamani sandukuni. Alikuwa mwanamke wa maneno. Alisema na kuku, alisema na moto uliokataa kuwaka, aligombana na mvua. Nyumba yao ya watu wawili ilijaa sauti yake, na Mwatumu aliishi ndani ya sauti hiyo kama samaki majini, hana haja ya kutia neno. Halafu kidonda kikafumbuka, na Mwatumu akanyamaza kama ilivyotakiwa. Majirani walimsifu. "Yule binti anampenda mama yake," walisema. "Hata kukohoa anatokea uani." Mwanzoni mama aliendelea kusema peke yake. Kisha akawa anasogeza midomo tu. Kisha midomo ikatulia. Muda ulipita ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu, maana siku zenyewe hazikukubali kuhesabiwa, na kidonda hakikukua wala hakikufunga. Mguu ulikuwa vilevile. Aliyekuwa akiisha ni mama.

Ndiyo sababu Mwatumu aliomba kazi Nyumba ya Baridi. Alitaka kujua jambo moja tu: je, sumu bado imo mguuni mwa mama? Kama imo, basi kunyamaza kwake ni dawa. Kama haimo... Hapo fikra yake ilisimama kama punda kwenye daraja, ikakataa kuvuka.

Mkuu wa nyumba ile aliitwa Bi Kidawa, mwanamke mfupi mwenye haraka, mtafuna tangawizi, aliyesahau majina ya watu wote ila ya vijidudu vyake.

"Buibui unawaona wapi humu?" alimwuliza Mwatumu siku ile ya kwanza, au siku iliyojifanya ya kwanza.

Mwatumu alitazama kuta, akatikisa kichwa.

"Hawamo. Buibui nikimkamua hanipi hata tone la kujaza tundu la sindano, na ndani ya hicho kidogo kuna sumu chungu nzima zimechanganyika. Nitajuaje ipi imefanya nini? Basi nilichukua kwa buibui kitu kimoja. Agizo. Lile agizo lililomo mwilini mwake la kutengeneza sumu moja tu, hii inayofumbua ngozi. Nikawapa hawa." Akaonyesha kwa kidole, nyuma ya mlango wa kioo, chupa iliyokuwa ikitikiswa na mashine taratibu, maji yake rangi ya chai ya maziwa. "Vijidudu vya tumboni. Wapole, hawajawahi kumwona buibui. Nawalisha, wanazaana, kisha nawaambia: haya, someni. Wanasoma, wanatengeneza."

"Wala hawaulizi ni nini," Vuai alidakia. "Kama sisi tu."

Mwatumu alipewa kazi ya kukaa na chupa. Alikaa nayo asubuhi zilizofuatana na asubuhi ambazo hazikufuatana na kitu. Aliyaangalia maji yakizunguka na kujiuliza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha kuliuliza. Buibui akiuma, tunasema buibui ameuma. Tunamtafuta, tunampiga kwa ndala, tunasema haki imetendeka. Lakini humu ndani hapakuwa na buibui. Hapakuwa na jino, hapakuwa na kiatu wala mguu ulioingia kiatuni. Palikuwa na kuuma kwenyewe, kumetengwa na muumaji, kunatikiswa ndani ya kioo kama mtoto anayebembelezwa na mtu asiye mama yake. Je, ubaya uliingia lini? Ulikuwa ndani ya lile agizo tangu mwanzo, au uko mbele bado, unangoja ngozi ya kukutana nayo? Na kitu kisichomjua aliyekianzisha, kilicholelewa na wasiojua kukiita jina, kinajuaje kwamba ni sumu? Wakati mwingine alidhani anakisikia.

Mimi ni kuuma kusikokuwa na mdomo.

Sina miguu. Sina utando. Sijawahi kuogopa kiatu.

Nimezaliwa na wasionijua. Nimepewa sura ya mtu ambaye hayupo.

Nitakuwaje na hasira, na sijawahi kubanwa?

Wanasema nina masikio. Kama ninayo, basi sijasikia kitu hata siku moja.

Alishtuka. Hakuwa na hakika kama aliyesema ni sumu au ni yeye. Sauti zao zilikuwa hazitofautiani, kwa sababu hakuna iliyokuwa imetumika.

Chumba kile cha chupa nacho kilikuwa na ukimya wake. Bi Kidawa alisoma mbali, lakini alizaliwa mji uleule, na hapakuwa na mtu wa mji ule aliyethubutu kusema karibu na sumu inayozaliwa, isije ikaizoea sauti yake. Ndani ya chumba walifanya kazi kwa ishara. Maelezo yalitolewa nje, kwenye baraza. Ndivyo lilivyotokea kosa ambalo mahali pengine lisingetokea. Chupa, ikishatiwa dawa ya kuwaanzisha vijidudu kusoma lile agizo, ilitakiwa ihamishiwe kwenye baridi, ili vijidudu wafanye kazi polepole. Mwatumu akaihamisha. Vuai akaja, akaikuta kwenye baridi, akadhani imesahaulika humo, akairudisha kwenye joto. Mwatumu alimwona, akadhani ameagizwa. Bi Kidawa aliwaona wote wawili, akadhani wanajua wanachofanya. Hakuna aliyefungua mdomo. Walipokuja kuwavunja vijidudu na kuitoa sumu, walipata matope meupe yaliyoganda chini ya chupa kama mtindi.

"Nani ameipeleka kwenye joto?" Bi Kidawa aliuliza kwa sauti, mlemle chumbani, na wote wakaruka.

"Mimi," alisema Vuai. "Nilidhani huyu ameisahau."

"Na wewe ulimwona?"

Mwatumu aliitikia kwa kichwa.

"Ukanyamaza?"

"Si desturi, Bi Kidawa?" Vuai alimtetea. "Hata wewe ulinyamaza."

Bi Kidawa aliacha kutafuna. "Desturi! Watu wazima na macho yetu tumeshindwa na chupa. Mnaona sikio wapi kwenye matope haya? Nionyesheni. Kuanzia leo humu ndani watu waseme, hata ikiwa ni upuuzi."

"Upuuzi niachieni mimi," alisema Vuai. "Tatizo ni huyu dada. Siku akifa hatutajua. Tutaona amenyamaza, tutasema mchapakazi."

Mwatumu alicheka bila kutoa sauti. Lakini alikuwa anaitazama chupa. Watu walikuwa wamesema karibu na sumu, tena wamefoka, na sumu ilikuwa imetulia pale pale.

Matope hayakutupwa. Bi Kidawa alieleza kwamba sumu ile ilikuwa imetimia, haikupungukiwa na kitu. Sumu ile ni nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila uzi ulikuwa na urefu unaotakiwa. Ila ilitengenezwa kwa pupa, nyuzi zikajikunja vibaya, zikanasana. Sumu iliyokunjwa vibaya haiumi mtu. Dawa yake ni kuiyeyusha kwenye maji makali mpaka kila uzi unyooke, kisha kuyaondoa yale maji makali kidogo kidogo, kwenye baridi, ili kila uzi ujikunje upya kwa nafasi yake. Ukiuharakisha unaganda tena.

"Na ukikataa?" aliuliza Vuai.

"Ukikataa, umekataa. Huwezi kuukunja kwa mkono."

Basi Mwatumu alikaa ndani ya chumba cha baridi amevaa sweta la kuazima, akibadilisha maji, akingoja. Ile Jumanne ilipita dirishani mara kwa mara. Aliwaza jinsi kitu kinavyoweza kuwa na kila kilichotakiwa kuwa nacho, kisikose hata chembe, na bado kisiwe kitu, kwa sababu tu ya namna kilivyojikunja siku ile. Aliwaza kama kuna baridi ya namna hiyo kwa ajili ya watu. Chumba ambamo mtu anawekwa, ananyooshwa, anaachwa mpaka ajikumbuke. Kwenye kioo cha mlango aliona mwanamke amekaa, mguu mmoja ameunyoosha mbele, macho ukutani. Alidhani ni mama. Akainua mkono, na mwanamke yule akainua wa kwake. Ukatokea mvuke wa pumzi kwenye kioo, na wote wawili wakafutika.

Sumu ilipokuwa tayari haikuwa na tofauti ya kuonekana. Ilikuwa maji tu.

"Sasa nataka damu ya mtu," alisema Bi Kidawa.

"Mimi nina uzito mdogo," alisema Vuai haraka.

Mwatumu alikunja mkono wa gauni lake, akaunyoosha mkono.

Damu yake waliitenganisha. Zile chembe nyekundu walizisafisha, wakaziweka upande. Yale maji ya damu, ya rangi ya majani makavu, wakayaweka upande wa pili. Bi Kidawa akatia chembe nyekundu kwenye kikombe kidogo cha kioo, akadondoshea sumu. Walingoja. Chembe zilishuka chini, zikakaa pamoja kama shanga moja nyekundu, na maji juu yake yakabaki meupe.

"Haijafanya kitu," alisema Vuai. "Kazi yote ile, tumetengeneza maji ya kunawa."

"Tulia wewe."

Bi Kidawa aliongeza yale maji ya damu, ya Mwatumu mwenyewe. Walingoja tena. Kisha shanga ikaanza kupotea. Wekundu ulipanda kutoka chini, ukaenea, mpaka kikombe kizima kikawa kama sharubati, chekundu na angavu, bila hata chembe moja iliyobaki nzima.

"Mmeona? Sumu imezigusa tu kwa nje, zikabadilika sura kidogo. Ndani ya maji ya damu kuna askari wa mwili. Hao askari wamewaona wenzao hawafanani tena na wenzao, wakawamaliza."

"Askari wake mwenyewe?" Vuai aliuliza, akimtazama Mwatumu kana kwamba amemwona ana silaha.

"Wake mwenyewe."

Mwatumu aliondoka siku ile bila kuaga. Alitembea mjini akipita milango iliyofungwa ya nyumba zenye wagonjwa, na kila mlangoni palikuwa na mtu ameketi, anayempenda aliye ndani, anayelinda. Aliwatazama nyuso. Zilikuwa nyuso za watu wema. Hapakuwa na mmoja aliyetaka madhara. Walikuwa wameona mtu wao amebadilika kidogo, wakamzunguka, wakakaza ukimya. Je, aliyeketi kwenye kila mlango anajua kinachoendelea nyuma ya mgongo wake? Na askari, akishamaliza kazi, nani humwambia imekwisha? Alijaribu kukumbuka sauti ya mama ilivyokuwa ikigombana na mvua. Aliikumbuka mvua tu.

Alirudi kazini na kikopo kidogo kilichofungwa kwa plastiki. Ndani yake palikuwa na pamba. Alikiweka juu ya meza, mbele ya Bi Kidawa, akarudi nyuma.

"Nini hii?"

Mwatumu alitazama sakafu.

"Nimesema humu watu waseme."

"Ya mama," alisema Mwatumu.

Vuai aliacha kuosha. Hakuna mtu aliyewahi kuyatoa majimaji ya kidonda cha mtu wake nje ya nyumba.

Bi Kidawa aliiloweka pamba kwenye maji kidogo, akayachuja. Akapanga vikombe vyake: kimoja chenye sumu waliyoitengeneza wenyewe, ili waone sumu ikiwepo inakuwaje, kimoja kisicho na kitu, na kimoja chenye maji ya pamba ile. Akatia chembe nyekundu kwenye vyote. Akatia maji ya damu kwenye vyote.

"Kikiwa chekundu chote, imo," alisema.

Mwatumu aliitikia kwa kichwa. Alikaza macho kwenye kikombe cha mama, na hapo akagundua kwamba hajui aombe nini. Kikigeuka chekundu, basi mama ataendelea kuisha, lakini kila siku ya ukimya ilikuwa siku ya dawa. Kisipogeuka, mama anaweza kurudi, ila zile siku zote hazikuwa dawa ya kitu. Vuai alianza utani, akauacha njiani. Kikombe cha sumu kikageuka. Kilikuwa kama sharubati, vilevile kama mwanzo. Kikombe kitupu kilikaa na shanga yake. Na kikombe cha mama kilikaa. Walikingoja zaidi ya ilivyohitajika. Jumanne ikaja, ikachungulia, ikaondoka. Shanga ilikuwa pale chini, nzima, nyekundu, haijaguswa.

"Hamna sumu humu," alisema Bi Kidawa. "Imeondoka, nadhani zamani sana. Kidonda hiki kimebaki na askari tu."

"Sasa wanapigana na nani?" aliuliza Vuai.

"Hawajaambiwa kwamba ameondoka."

Mwatumu aliinua macho.

"Sikiliza, binti," alisema Bi Kidawa, na haraka yote ikamtoka. "Sikwambii kwamba ukimsemesha atapona. Hilo sijalipima. Na kipimo changu kina mwisho wake. Ikiwa imebaki kidogo mno, sitaiona. Nilichokiona ndicho ninachokwambia. Mengine ni yako."

Alipofika nyumbani ilikuwa mchana, au mchana ulioazimwa kutoka siku nyingine. Mama alikuwa kitandani, mguu ameunyoosha juu ya mto, macho ukutani. Mifupa ya mabega yake ilionekana kwenye kanga. Mwatumu aliketi sakafuni, karibu na kidonda, akafungua mdomo.

Mama aliona. Mkono wake ulitoka haraka kuliko ulivyokuwa umetoka kwa muda mrefu, ukaufunika mdomo wa binti yake. Kiganja kilikuwa kikavu, kinanuka mafuta ya nazi. Alitikisa kichwa: usifanye. Na Mwatumu akaelewa kwamba mama hakuwa anaulinda mguu wake. Alikuwa anamlinda yeye, asije akaishi akijua kwamba sauti yake ndiyo iliyommaliza mama.

Aliushika mkono ule, akauteremsha polepole mpaka ukalala mapajani mwake.

"Imetoka, mama," alisema. "Sumu imetoka."

Wote wawili waliutazama mguu. Inzi alitua kwenye kitambaa cha kidonda, akajisugua miguu, akaruka. Hakuna kilichochimba. Walingoja bado, na mguu ulikuwa mguu tu, umechoka, unataka kugeuzwa upande wa pili.

Sauti iliyomtoka mama ilikwaruza kama mlango wa stoo.

"Sauti yako imekuwa nene."

"Eeh."

"Ya baba yako kabisa. Masikini, mtoto wa kike."

Mwatumu alicheka, akasikia anacheka.

"Sasa huko nje," mama aliuliza, akipumzika kati ya neno na neno, "siku zote hizi, ulikuwa unaongea na nani?"

"Sikuwa na mtu."

"Si ndivyo unavyopenda? Wewe na kunyamaza kwako. Tangu mdogo."

Mwatumu aliutazama mkono wa mama uliokuwa ndani ya mikono yake.

"Sipendi kunyamaza, mama," alisema. "Sijawahi kupenda. Nilikuwa nangoja mtu aniulize."